Maswali na Majibu: Mawakala Wahamaji Kwenye Redio za Jeshi

Barua za wiki hii zinahusu mawakala wahamaji, yaani programu zinazotoka kompyuta moja kwenda nyingine, zikafanya kazi huko na kurudisha majibu.

Kwa nini programu ihame? Si data iletwe tu?

Piga hesabu. Redio ya SINCGARS, iliyo mikononi mwa jeshi la Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kasi yake ya juu kwa data ni biti 16,000 kwa sekunde. Hizo ni kilobaiti 2, na kusahihisha makosa kunamega sehemu yake. Picha za kilobaiti 600 zitashika masafa kwa dakika 5 nzima, na mwenye neno la haraka atangoja. Wakala wa kilobaiti 40 anafika kwa sekunde 20, anazichambua kulekule, anarudisha picha moja inayotakiwa. Lakini kama data yenyewe ni kilobaiti 15, kumtuma ni hasara tupu! Nafuu ni msimbo wake uwekwe vituoni mapema, hewani ipite kazi aliyopewa tu.

Akifika kwenye mashine yangu, nitamzuiaje asinimalizie betri?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu anapewa masharti mlangoni. Java, lugha ya kuandikia programu, katika miaka ya 1990 ilikagua programu inagusa faili zipi, lakini haikuwa na njia ya kuibana isile prosesa yote. Watafiti wa taasisi ya IHMC, Pensacola, Florida, wakaunda mfumo wa NOMADS wenye mashine pepe yake, Aroma, yaani programu inayoigiza kompyuta nzima na kuendesha programu nyingine ndani yake. Humo wakala anawekewa kikomo cha prosesa, diski na mtandao, na kikomo kinaweza kubadilishwa kazi ikiendelea. Mambo yakibana zaidi, anasimamishwa katikati ya kazi, anafungashwa na kila alichokuwa nacho kwenye kumbukumbu, anapelekwa mashine nyingine na kuendelea pale alipoachia. Kwangu hili ndilo la maana kuliko yote.

Mawakala wakigombania prosesa, nani aamue?

Mwaka 1998 Bredin, Kotz na Rus wa Chuo cha Dartmouth walipendekeza soko: wakala apewe pesa za kielektroniki, mashine imuuzie muda wa prosesa. Wazo zuri, ila vitani silipendi likiwa peke yake. Taarifa ya majeruhi ipite kwanza hata kama wakala wake hana senti. Soko liwe la wenye cheo sawa.

Mawasiliano yakikatika akiwa ugenini?

Anaendelea na kazi, anahifadhi majibu, anasubiri njia ifunguke. Awe na muda wa mwisho wa kuishi, la sivyo vituo vitajaa mawakala waliosahauliwa. Na wewe uliyemtuma, ukikosa subira ukatuma wa pili, mpe namba ileile ya kazi, ili kituo ambacho kimeshaiona namba hiyo kimtupe huyo wa pili.