Sola ya pakeji au ya kupimiwa? Jibu kwa mdau wa Tandahimba

Mkuu nimelisoma swali lako. Umejenga Tandahimba, nguzo ziko mbali, duka wamekupa pakeji ya paneli wati 150, betri N100 moja (volti 12, amp-saa 100) na inveta, alafu kuna fundi anakwambia achana na pakeji akupimie ya kwako kabisa. Na unachotaka kuwasha ni taa 6, tv inchi 32, king'amuzi, simu na friza ya wife auze soda na barafu.

Mi nakaa Mtwara, kwangu ni ya kupimiwa na kwa ndugu zangu nimeshapanda sana kwenye mabati, so jibu langu ni hili: hesabu ipigwe ya nyumba yako, ila vifaa viwe vya kawaida ambavyo hata Masasi unavikuta. Watu wanadhani kupimiwa maana yake uletewe mitambo ambayo jirani hana, hapana aisee.

Nianze na seti zile ndogo za kuchomeka. Mama mdogo anayo ya taa nne na redio, plagi zake zenyewe, hata mtoto anafunga, haijawahi kunisumbua. Ungekuwa na taa na simu tu ningekwambia kanunue hiyo na usimlipe fundi hata mia. Shida yake kwetu huku ni ukichukua kwa mkopo, wao wanataka rejesho kila mwezi wakati sisi hela ni korosho, minada inaanza Oktoba, chama cha ushirika kikishalipa watu wanacheka, ikifika Mei mfukoni hamna kitu na sola inajifunga yenyewe. Uliza kabla kama unaruhusiwa kulipa miezi mingi kwa mpigo msimu ukiwepo. Na nyingi huwezi kuongeza paneli nyingine ya dukani maana plagi haziingiliani.

Sasa wewe una friza, hapo ndo mambo yanabadilika. Tupige hesabu kwa yuniti kama za LUKU, yuniti moja ni wati 1000 kwa saa moja. Unazidisha wati kwa masaa, unapata wati-saa. Taa 6 za wati 5 kwa masaa matano ni wati-saa 150. Tv ya wati 40 masaa matano ni 200. King'amuzi weka 60, simu weka 50. Jumla 460, yani haifiki hata nusu yuniti. Paneli ya wati 100 kwa jua la huku, ukichukulia masaa matano ya jua lenye nguvu na ukitoa kinachopotea njiani, mi huwa nahesabu 350 kwa siku. So ile ya wati 150 inakupa kama 525. Unaona? Pakeji ya duka kwa taa na tv iko sawa kabisa, hawajakudanganya. Ila friza dogo la DC (linalokula umeme wa betri moja kwa moja) la dukani, linafunguliwa kila mtoto akija na mia tano yake, na joto la huku, mi siwezi kuliwekea chini ya 700. Jumla inakuwa 1160 na hapo pakeji imekufa. Unahitaji paneli wati 330 kwenda juu, na kwa sababu mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili na kuna siku za mawingu mfululizo, weka 450 ulale usingizi.

Betri nayo hivyo hivyo. N100 ina kama wati-saa 1200 ila za maji na za gel usizimalize, tumia nusu tu la sivyo mwaka haujaisha unazirudisha dukani kwa kilo. Usiku wako na friza ni kama 800, so ni N100 mbili, au lithiamu moja ya amp-saa 100 ambayo unaweza kuitumia asilimia 80 bila wasiwasi. Na kama bado hujanunua friza usichukue la AC la kawaida (la umeme wa nguzo) eti ni bei rahisi, kompresa ikiwaka inavuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa mgongoni, inveta ya pakeji inapiga kelele na kuzima.

Kuna kitu pakeji haiwezi kukijua, nacho ni nyumba yenyewe. Mjomba wangu Kitangari alifungiwa seti nzuri tu, ila tv ikawa inazima saa tatu usiku na dukani wanamwambia betri mbovu. Nikaenda na mita. Paneli iko bati la banda la nje kwa sababu nyumba kubwa imefunikwa na mwembe, waya umekuja mpaka sebuleni mita 10 na ni ule mwembamba wa 1.5 (milimita za mraba). Ukipitisha amp 8 hapo unapoteza karibu volti 2 kwenda na kurudi, kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni hela imemwagika. Tukaweka waya wa 6, upotevu ukashuka mpaka nusu volti. Betri ile ile mpaka leo inafanya kazi, na muuza duka alikuwa tayari kumuuzia mpya!

Alafu juu ya paneli nikakuta unga wa njano, salfa. Huku Juni mpaka Agosti watu wanapulizia mikorosho na mvua ndo hakuna, kwa hiyo unakaa tu. Paneli inatakiwa iwe mahali unapofika na ndoo na kitambaa asubuhi kabla haijapata moto. Ielekee kaskazini, ilale kidogo kama digrii 10 mpaka 15, na isigandishwe kwenye bati, ngumi ipite chini yake, maana paneli ikiiva kwa joto inapunguza umeme. Tawi likigusa kona moja tu uzalishaji unaporomoka, so kata tawi au hamisha paneli. Wa pwani, Mikindani, Msimbati, Kilwa, mnaongeza na chumvi, bolti za chuma cha kawaida zinaliwa na kutu, tumieni fremu za alumini na bolti za stenlesi.

Upande wa fundi wako sasa. Asije na dizaini kichwani. Mwambie akuandikie kwenye karatasi wati za kila kitu, masaa, unene wa waya na fyuzi ya betri. Akikwambia "hii inabeba tu bosi" muage kwa heshima. Na inveta iwe ya aina ambayo ukienda maduka matatu unaikuta, jirani yangu alifungiwa moja ya ajabu, kadi ilipoungua spea hakuna Mtwara, hakuna Lindi, limebaki boksi la kuwekea daftari.

Kwa hiyo wewe chukua ile pakeji kama wanakubali kuibadilisha, yani waongeze paneli na betri ya pili na kontrola (kifaa cha kusimamia chaji kutoka paneli kwenda betri) kubwa ya kubeba wati 450, wakigomea nunua kimoja kimoja. Nitajie umbali kutoka paneli zitakapokaa mpaka kwenye friza nikupigie unene wa waya hapa hapa.