Karakana ya mbao nyumbani inataka futi ngapi?

Wengi mmeniuliza kitu kilekile kila mtu kivyake, kwamba nina eneo kiasi hiki, je karakana itaenea? Najibu mmoja mmoja.

Fundi habari, nina chumba cha futi 10 kwa 10 nyuma ya nyumba huku Nyakato, Mwanza, nataka niwe natengeneza stuli na meza ndogo jioni nikitoka kazini. Kinatosha?

Kinatosha kabisa kaka, ila kwa zana za mkono. Benchi la urefu wa futi 5 na upana wa futi 2 liegemeze penye dirisha, uone vizuri mstari wa penseli. Mbele yake acha futi 3 tupu, hapo ndo mwili unapocheza ukiwa unaranda, usipaweke hata ndoo. Randa, misumeno, patasi, vyote tundika ukutani. Shida itakuwa mbao zenyewe, zile za futi 12 chumbani kwako zinalala kona kwa kona tu, kugeuka hazigeuki, kwahiyo katia nje kwanza ndo uingize vipande.

Nimenunua mashine ya kuchania mbao, yenyewe ndogo tu, haifiki futi 3 kila upande. Chumba changu ni futi 12 kwa 14, niiweke kona ipi?

Usiiweke kona yoyote ndugu yangu! Wengi mnapima mashine, wakati kitu cha kupima ni mbao inayopita kwenye mashine. Mbao ya futi 8 inataka futi 8 kabla ya msumeno na futi 8 baada ya msumeno, hapo tayari ni 16 na chumba chako kimeisha. Mi mashine yangu ya kwanza niliibananisha karibu na ukuta, siku moja niko katikati ya kuchana kipande cha mninga kikagonga ukuta mbele, nikawa siwezi kusukuma wala kuacha, nikaanza kukivuta nyuma msumeno bado unazunguka, kikanirukia tumboni kwa nguvu ambayo sijaisahau. Lile shimo kwenye plasta bado lipo, sijaliziba, kila anayekuja kujifunza namuonyesha.

Cha kufanya, panga mashine mstari mmoja na mlango, mbao itokee nje. Ukitaka itokee dirishani hakikisha kizingiti cha dirisha kiko chini kidogo ya meza ya mashine, la sivyo mbao itakwama palepale. Fungia mashine magurudumu yenye breki, ukimaliza unaisukuma pembeni nafasi ileile unaunganishia meza. Halafu angalia na dari, plaiwudi ya futi 8 kwa 4 kona hadi kona inakaribia futi 9, kwenye dari ya futi 8 ukijaribu kuisimamisha ndani haisimami. Kabla hujaamua chochote chora mashine na benchi sakafuni kwa chaki, kisha shika mbao ndefu na mwenzako mzunguke nayo, mtajua wenyewe inapokwama.

Niko mlimani Mabatini, miamba kila upande, sehemu tambarare niliyonayo ni futi 8 kwa 20 tu. Nipasue jiwe?

Acha jiwe dada. Futi 8 kwa 20 ni nzuri kuliko chumba cha mraba chenye ukubwa huohuo, kwa sababu mbao inapita kwa urefu. Hela ya kupasua jiwe weka kwenye sakafu iliyoinuka na mfereji upande wa juu, maana mvua ikipiga hiyo milima yetu maji yote yanashukia kwako.

Nimepanga Kirumba, kuna varanda pana tunatumia na wenzangu, nina mtoto wa miaka 2 kifua kinambana. Nianzie hapo?

Hapana, na hapa siongelei futi tena. IARC, taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani, imeliweka vumbi la mbao kwenye vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Maranda yanaanguka chini unafagia, ila unga wa msasa unaelea, na mchana upepo wa ziwani unaurudisha wote mpaka kitandani kwa mtoto. Tafuta kibanda mbali na vyumba, hata cha futi 6 kwa 8, na barakoa uvae wewe.

Niko Ukerewe, nataka kuunda mtumbwi wa futi 25. Nijenge banda kubwa kiasi gani?

Usijenge. Undia ufukweni chini ya turubai kama mafundi wengi wa huko, jenga kastoo tu ka kufungia zana na misumari. Mbao zipange kivulini juu ya magogo zisiguse mchanga, weka vijiti kati ya ubao na ubao hewa ipite.