Kusitisha Mkataba si Kuuvunja

MASWALI NA MAJIBU YA WASOMAJI

SWALI: Ndugu Mshauri, shikamoo. Mimi ni fundi wa programu za kompyuta, ninajitegemea. Miezi mitano iliyopita nilitia saini mkataba wa miezi tisa na kampuni moja ya hapa Mwanza inayonunua na kufungasha dagaa, niitengenezee programu ya kufuatilia kila gunia tangu linapopimwa kwenye mzani wa mapokezi hadi linapopakiwa kwenye lori. Malipo ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi, yatolewe ndani ya siku 14 baada ya kupokea ankara yangu. Miezi miwili ya kwanza walilipa vizuri, mwezi wa tatu walichelewa wiki tatu, na malipo ya mwezi wa nne yamepitiliza siku 16 sasa, kila nikiuliza naambiwa nije kesho. Juu ya hayo natakiwa kusaini daftari la mahudhurio saa mbili kamili asubuhi kama wafanyakazi wao. Mkataba unasema kila upande unaweza kuuvunja kwa notisi ya siku 30, na atakayeondoka bila notisi atalipa kiasi cha mwezi mmoja. Sasa kampuni ya Dar es Salaam imenipigia simu ikinipa karibu mara mbili ya ninachopata, lakini inataka nianze baada ya siku 12. Je, niondoke?
Fundi wa programu, Pasiansi

JIBU: Marahaba. Umeandika neno "kuvunja", na wengi wetu hulitumia hivyo, lakini kipengele ulichokinukuu hakizungumzii kuvunja. Kinazungumzia kusitisha. Anayesitisha hupita kwenye mlango ambao pande zote mbili ziliukubali siku ya kutia saini, kwa hiyo hadaiwi sababu wala fidia. Anayevunja huacha ahadi yake njiani, na hapo ndipo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inapompa mwenzake haki ya kudai. Mlango unao, na una siku 30. Swali lako halisi basi ni kama siku 18 zinazopungua kati ya notisi hiyo na tarehe wanayoitaka watu wa Dar es Salaam zinastahili gharama yake.

Nimeona pia kwamba barua yako imebeba sababu mbili zilizofungwa katika kifurushi kimoja: hawakulipi kwa wakati, na umepata pazuri zaidi. Zifungue. Sababu ya pili ni halali kabisa kwa mtu anayejitegemea, wala usione haya, lakini haikupunguzii hata siku moja ya notisi. Ya kwanza inaweza kukupunguzia, ila si kwa namna ulivyoiendesha hadi sasa. Sheria humruhusu mtu kuukatisha mkataba pale mwenzake anapokataa kutimiza ahadi yake yote au anapojiweka katika hali ya kutoweza kuitimiza, isipokuwa kama yeye mwenyewe ameonyesha, kwa maneno au kwa mwenendo, kwamba anaridhia uendelee. Wewe ulipochelewewa wiki tatu ulipokea fedha ukanyamaza, na sasa unakwenda mlangoni kwa mhasibu kuuliza kwa mdomo. Mbele ya hakimu mwenendo huo unaweza kusomwa kuwa ni uvumilivu. Andika barua leo, itaje namba ya ankara, tarehe iliyopaswa kulipwa na kipengele cha siku 14, uwape siku saba, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Wasipolipa wala kujibu, utakuwa na hoja ambayo leo huna.

Ukiondoka baada ya siku 12 bila kufanya lolote kati ya haya, tazama fedha ziko mikononi mwa nani. Mwezi wa nne hawajalipa, mwezi wa tano unaumaliza, jumla shilingi 3,600,000, na zote wanazo wao. Hawatahitaji kwenda mahakamani kukudai kiasi cha mwezi mmoja, kwa sababu watakikata tu, halafu watabishana nawe kuhusu kilichobaki. Kifungu cha 74 cha sheria hiyo kinasema kiasi kilichotajwa kwenye mkataba kuwa malipo ya atakayeuvunja ndicho kikomo, na anayelalamika hupewa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho, kwa hiyo 1,800,000 si lazima iwe yote. Lakini kuithibitisha haki hiyo ni safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, tena na tena, na nauli ni yako.

Kwa maoni yangu, usiondoke kwa siku 12. Waombe watu wa Dar es Salaam wasubiri hadi notisi iishe, na kabla hujaitoa hiyo notisi, hakikisha mkataba wao umeusoma na umetiwa saini na pande zote mbili. Makubaliano ya mdomo yanatambuliwa na sheria zetu, lakini kuyathibitisha bila shahidi ni vigumu, na simu uliyopigiwa ulikuwa peke yako. Nimewaona vijana kadhaa walioacha kazi ya mkononi kwa sababu ya sauti ya kwenye simu, kisha wakabaki wanazunguka Makoroboi bila hii wala ile.

Siku 30 hizo zina kazi. Biashara ya dagaa unaijua kuliko mimi: wavuvi huingia ziwani na taa zao usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali wengi huegesha mitumbwi, hivyo mapokezi hutulia kwa siku kadhaa. Pangilia makabidhiano yako yaangukie siku hizo. Kaa na karani wa mzani, mpe gunia la kwanza alipime na aingize uzito mwenyewe bila wewe kugusa kitufe, la pili vilevile, mpaka akosee na ajue namna ya kurekebisha. Ukimwachia programu ambayo hajaizoea katikati ya giza, magunia yamejipanga hadi nje na madereva wanapiga honi, atarudi kwenye daftari na kalamu kabla ya saa nne asubuhi, na lawama itakufuata. Tena itakuwa lawama yenye uzito wa kisheria ikiwa umeondoka bila notisi, kwa kuwa kifungu cha 73 hufidia hasara iliyotokana kwa kawaida na uvunjaji, au ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kuwa inaweza kutokea, na wewe huwezi kusema hukujua msimu wa giza.

Makabidhiano yaandikwe: maneno ya siri, nakala ya programu, orodha ya kilichokamilika na ambacho hakijakamilika, saini mbili. Hapa nasema kwa uchungu wangu. Miaka mingi nyuma niliacha kazi ya kutunza hesabu za mfanyabiashara mmoja, naye ndiye aliyekuwa na kosa kwa kunicheleweshea malipo. Niliondoka kwa hasira, neno la siri la mafaili yake likabaki kichwani mwangu kwa siku tisa nikisubiri anipigie kuomba msamaha. Alipiga, ila hakuomba msamaha. Alisema nimemfungia biashara, na kuanzia hapo hakuna aliyekumbuka kwamba yeye ndiye aliyeanza. Malipo yangu ya miezi miwili yaliishia hapo.

Kabla hujatoka, dai pia hati za kodi ya zuio, yaani kodi ambayo anayekulipa huikata kwenye malipo yako. Bila shaka wamekuwa wakikukata asilimia 5, yaani shilingi 90,000 kila mwezi. Fedha hiyo inahesabiwa katika kodi yako ya mwaka ikiwa una hati mkononi, na kuifuatilia ukiwa umeshahama mji ni adha.

Kuhusu daftari la mahudhurio, ni jambo zito kuliko unavyolichukulia. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa saa zake zinapangwa na anayempa kazi, au anamtegemea huyo mmoja kwa kipato, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Kwako sioni kama ina faida kuifungua hoja hiyo maadamu unataka kuondoka kwa amani, lakini wakikufukuza wao kabla hujatoa notisi, una siku 30 tu za kulifikisha shauri la kuachishwa kazi kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Piga picha kurasa zenye saini yako.

Ushauri wote huu ungebadilika kama ungeniambia wanakutaka uandae hesabu mbili za magunia, moja ya mwenye mali na nyingine ya mtu wa kodi. Hapo ningekuambia uondoke jioni hiyohiyo, kwa maana mkataba wenye lengo haramu hauna nguvu na notisi yake haina maana.

SWALI: Nimepokea malipo ya awali ya shilingi 600,000 kati ya 1,500,000 kuchora ramani ya nyumba. Mteja amebadilisha mawazo mara tano na nimechoka. Nikijitoa, nirudishe zote?
Mchoraji, Nyegezi

JIBU: Usijitoe bado. Mara tano alibadilisha, na mara tano ulikubali bila kuandika bei mpya, kwa hiyo hajakukosea kitu ambacho unaweza kukionyesha. Mwandikie kwamba michoro iliyopo imekamilika kwa bei ya awali na kila badiliko kuanzia sasa lina bei yake, uitaje. Akikataa, kubalianeni kwa maandishi kuachana, hesabuni kazi iliyofanyika, umkabidhi michoro na umrudishie kile tu ambacho hujakifanyia kazi. Fedha irudi kwa njia yenye risiti, hata kama mnakaa mtaa mmoja.