Wiki ya Saba Baada ya Kubadilishwa Goti: Kwa Dada Aliyeniandikia Usiku

Juzi nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji. Uliingia saa tisa kasorobo usiku, na nilipoiona tu saa ile nilijua, kabla sijausoma, kwamba huyu ni mwenzangu. Sisi tuliobadilishwa goti tunajuana kwa saa tunazokuwa macho. Aliandika hivi:

"Dada, leo nimetimiza wiki saba. Goti bado limevimba, lina joto, na halikunjiki kupita digrii 85. Usiku silali. Nyumbani wanasema kufikia sasa nilipaswa niwe nimepona. Najuta, dada. Nilikosea kukubali kupasuliwa?"

Nilimjibu papo hapo: hapana, hukukosea, na wiki saba ni mapema mno kutoa hukumu. Kisha nikashindwa kulala mimi mwenyewe, maana maneno yale niliwahi kuyasema yote, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, mguu ukiwaka moto. Kwa hiyo jibu refu naliandika hapa, kwake na kwa kila anayehesabu wiki kama yeye.

Nitangulize habari njema ili usome ukiwa na moyo. Leo nina miezi 14 tangu nipasuliwe. Jumamosi iliyopita nilishuka ngazi 22, mguu huu kisha huu, bila kushika reli. Nilipofika chini nikapanda tena, nikazishuka mara ya pili. Kushuka ndiko kugumu. Kupanda nilikuwa nimekuweza tangu mwezi wa tano. Binti yangu alikuwa amesimama chini ananirekodi kwa simu, na mkono ulikuwa unamtetemeka. Najivunia ngazi zile kuliko cheti chochote nilichowahi kupewa.

Lakini njia ya kufika pale haikunyooka hata kidogo.

Miaka ya maumivu kabla ya upasuaji sitaisimulia, wewe unayesoma unaijua yako. Gegedu lilikuwa limelika, mfupa unasagana na mfupa, dawa na sindano nimepita zote. Siku za wodini nazo naziruka. Nitataja jambo moja tu: kesho yake asubuhi nilisimamishwa na fremu ya kutembelea, nikapiga hatua sita, watu wakanipigia makofi. Makofi yale yalinidanganya. Nilidhani kama nimeweza hatua sita siku ya kwanza, basi baada ya mwezi nitakuwa natembea sokoni. Tena nilipokuwa natoka niliambiwa, kwa kupita tu, mtu akiwa anaangalia faili la mgonjwa mwingine, kwamba baada ya wiki sita nitakuwa sawa. Hakuna sentensi iliyoniumiza kuliko ile, maana ilipofika wiki ya sita na mimi siko sawa, nilijiona nimefeli mtihani ambao wenzangu wote wamefaulu.

Hebu fikiria kilichofanyika mle ndani. Daktari hang'oi goti lote kama wengi wanavyodhani. Anakata ncha ya mfupa wa paja na ncha ya mfupa wa muundi, anazivika chuma, na katikati anaweka plastiki ngumu inayochukua nafasi ya gegedu. Ni kazi ya saa moja hadi mbili. Ila ili afike huko lazima apasue ngozi, afungue kifuko cha kiungo, asogeze pia ya goti pembeni, akate na kutoboa mfupa ulio hai. Chuma kinakuwa tayari siku ile ile. Nyama, neva na misuli ndivyo vinavyodai muda wao, na muda huo kwa wengi unafika mwaka mzima. Uvimbe peke yake unaweza kukaa miezi mitatu hadi sita, kwa wengine zaidi. Lile joto unalolisikia ukiweka kiganja juu ya goti nalo hukaa miezi. Mimi langu lilipoa mwezi wa nane.

Sasa nije kwenye kilichonivunja.

Siku niliyopasuliwa mimi, alipasuliwa pia bwana mmoja wa kitanda cha jirani. Tulibadilishana namba za simu, tukaahidiana kutiana moyo. Wiki ya nne akanitumia video anatembea bila mkongojo. Mimi wakati huo choo tu kilikuwa safari. Nilimpongeza, na nilimpongeza kwa moyo, lakini nilimwonyesha mume wangu ile video, naye akamwonyesha kaka yake. Basi shemeji alipokuja kunijulia hali, mbele ya wageni wengine wawili, akasema: "Shemeji, mwenzako anatembea, wewe unajidekeza." Wakacheka kidogo. Mume wangu hakusema kitu.

Imepita zaidi ya mwaka na bado nalisikia lile neno, kujidekeza. Shemeji mwenyewe nadhani amekwisha kusahau. Na ule ukimya wa mume wangu tumeuzungumza, ameomba radhi, nimemsamehe, lakini siwezi kusema haukuacha kovu, na kovu hilo ni la pili baada ya hili la gotini.

Nikafanya nini baada ya hapo? Nilifanya kosa ambalo nakuomba sana usilifanye. Kesho yake nilitembea. Nilitembea asubuhi, nikatembea mchana, nikatembea jioni, nimekaza meno, natembea kwa ajili ya shemeji na wala si kwa ajili ya goti langu. Siku ya tatu goti lilikuwa limejaa maji hata pia ya goti haionekani. Nikashindwa kuinua mguu kutoka kitandani. Nauamuru uinuke, hauinuki. Nililia nikidhani nimevunja kitu. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenieleza: goti likijaa maji, mwili wenyewe huuzima ule msuli mkubwa wa mbele ya paja. Msuli haujavunjika, umezimwa. Kadiri unavyolitesa goti ndivyo linavyovimba, na kadiri linavyovimba ndivyo msuli unavyozidi kulala. Kumbe siku zile tatu za kiburi zilinirudisha nyuma karibu wiki mbili.

Na kabla ya kosa hilo nilikuwa na jingine, la kimyakimya. Nilikuwa nalala na mto chini ya goti. Ndiyo, unatuliza, goti lililopinda kidogo huuma kidogo. Lakini goti lililozoea kupinda halinyooki. Watu wote, mimi mmojawapo, tunashughulika na kukunja: umefika 80? umefika 90? Kunyoosha hakuna anayeuliza. Na mguu usionyooka sawasawa huchechemea milele, na ule msuli wa paja unafanya kazi kutwa nzima kukushikilia usianguke, jioni umechoka kama uliobeba mizigo. Weka taulo lililokunjwa chini ya kisigino, goti likae hewani, lijivute lenyewe kwa uzito wake. Dakika tano mwanzoni. Inauma. Rudia tena baada ya saa kadhaa. Mto wa chini ya goti mpe mtu mwingine.

Kwa makosa hayo mawili, wiki ya kumi nilikuwa digrii 78. Daktari bingwa wa mifupa akasema ndani kumeshikana, turudi chumba cha upasuaji, nilazwe kwa dawa ya usingizi, alikunje yeye mwenyewe kwa mikono bila kupasua. Jambo hilo lina muda wake, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, kabla kovu la ndani halijakomaa. Nilikubali. Nilipoamka aliniambia amefika 110. Nikaamka na maumivu kama ya siku ya kwanza, na fremu nikairudia. Kurudia fremu uliyokwisha kuiweka stoo ni jambo ambalo sijui nilielezeje kwa mtu ambaye hajalipitia.

Usiku wa wiki zile ndio nilianza kusoma, maana usingizi haukuwepo. Nikasoma kwamba mwaka 1890, huko Berlin, daktari Themistocles Gluck aliweka goti la pembe ya ndovu kwa mgonjwa wa kifua kikuu cha kiungo. Halikudumu, maambukizi yaliharibu kazi ile. Goti linalofanana na haya yetu lilikuja baada ya miaka zaidi ya 80, New York, mwaka 1974, kwa kazi ya John Insall na wenzake. Sijui kwa nini habari zile zilinifariji. Labda ni kwa sababu niliona watu wamehangaika na kiungo hiki zaidi ya maisha ya mtu mmoja, na mimi nilikuwa nalalamika juu ya wiki kumi. Leo zaidi ya magoti bandia 80 katika kila 100 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Dada yangu, wiki saba na miaka 25 havilingani.

Nikajipanga upya. Mpango wenyewe ulikuwa mdogo, na siwezi kukuficha siri ambayo haipo: barafu, kunyoosha, kukunja, kupumzika, kisha barafu tena. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, mguu umeinuliwa juu kuliko moyo, mto ukiwa chini ya kisigino na shavu la mguu. Dawa ya maumivu nilikunywa kama nusu saa kabla ya mazoezi, kwa kipimo cha daktari, nikaacha kujifanya shujaa wa kufanya mazoezi makavu. Mkongojo niliushika mkono wa upande wa mguu mzima, maana kwa wiki mbili nilikuwa naushika upande usio sahihi na hakuna aliyenisahihisha. Kwenye ngazi: mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mgonjwa hutangulia kushuka. Usiku, mto kati ya magoti nikilala ubavu. Na kupima digrii nikaacha kupima kila siku. Nilipima Jumapili tu, nikaandika kwenye daftari. Kwa siku huoni kitu. Kwa wiki unaona digrii mbili. Kuna Jumapili nilishuka digrii nne na nikaandika vilevile, na wiki iliyofuata zikarudi na nyongeza.

Jirani wa kitandani nilimwomba aniwie radhi, nikaacha kufungua video zake kwa muda. Alielewa. Baadaye sana aliniambia kwamba goti lake linakunjika vizuri lakini linamuuma kila akisimama muda mrefu, na alikuwa anaona haya kusema kwa sababu watu wote walikuwa wamekwisha kumpigia makofi. Takriban mtu 1 kati ya 5 baada ya upasuaji huu huwa hajaridhika na matokeo. Nasema hivyo si kukutisha, bali ujue kwamba anayeugulia kimya si wewe peke yako, na video ya mtu ni dakika moja ya siku yake.

Mambo mengine yasikutie hofu. Ile sehemu iliyokufa ganzi upande wa nje wa kovu ni kawaida, kuna neva ndogo hukatwa wakati wa kupasua. Yangu imepungua ukubwa lakini haijaondoka, na huenda isiondoke. Kusikia goti linalia "tak" ukitembea, ni chuma na plastiki vinagusana. Kupiga magoti bado sipendi, napata hisia kama nimepigia juu ya kokoto, na wengi wanasema hivyo hivyo. Kulia bila sababu katikati ya mwezi wa pili, nako kupo. Kama kulia hakukomi, mwambie daktari, usiseme ni mambo ya kawaida tu.

Lakini haya usiyavumilie hata usiku mmoja: shavu la mguu kuuma na kuvimba ghafla, kifua kubana au pumzi kukatika, homa na baridi, kidonda kutoa usaha au wekundu unaosambaa. Damu iliyoganda mguuni inaweza kupanda hadi mapafuni, na maambukizi yakifika kwenye chuma ni vita kubwa. Hapo ni hospitali, saa yoyote. Na dawa za kuzuia damu kuganda zimalize kama ulivyoandikiwa, hata ukijisikia mzima.

Na wewe unayeishi na mgonjwa wa goti, nina neno lako. Acha kumuuliza "bado tu?" Muulize leo amenyoosha mara ngapi, mletee barafu, kaa naye zile dakika tano zinazouma. Akidhihakiwa mbele yako, fungua mdomo. Mgonjwa anaweza kusahau maumivu ya kisu. Ukimya wako hausahau. Na wewe mgonjwa usikubali mtu asiyejua hata digrii zako akupangie siku ya kupona. Goti ni lako, usiku ni wako, daftari ni lako.

Dada aliyeniandikia amenijibu leo asubuhi. Nilikuwa nimemwomba alale chali, anyooshe mguu, aone kama vidole vinapita chini ya goti, maana vikipita goti halijanyooka sawasawa. Anasema vinapita viwili vikiwa vimebebana, na kwamba kweli amekuwa akilala na mto chini ya goti tangu alipotoka hospitali, hakuna aliyemwambia. Mto ameutoa. Jumatatu anamwona mtaalamu wake wa mazoezi, na nimemwambia amweleze hivyo hivyo vidole viwili. Jumapili tutapima wote, yeye kwake na mimi kwangu, na atanitumia namba yake hata kama imeshuka.