Ghala kwanza, maabara baadaye: ushauri kwa anayejenga seva ya uhalifu

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia ujumbe. Ana seva ya FiveM, programu inayowawezesha watu kuendesha seva zao wenyewe za mchezo wa GTA V na kuigiza maisha humo. Wachezaji wameanza kuongezeka, magenge yameshagawana mitaa ya Los Santos, mji wa mchezo huo, na sasa anataka nimtajie skripti (programu ndogo za kuongeza mifumo kwenye seva) za kununua: moja ya bangi, moja ya unga, moja ya karakana ya silaha na nyingine ya noti bandia. "Kaka, nataka vijana wawe na kazi ya kufanya," aliandika. Hamu yake naielewa. Ni hamu ileile inayotukesha sisi sote tunaoendesha seva za namna hii: tunataka mji wenye uhai, genge linaloanza kwa kuuza kwenye kona hadi likaogopwa, na polisi wenye kesi za kweli za kufuatilia.

Nilimjibu asinunue hata moja kwa sasa. Nilimwambia aanze na inventori, yaani mfumo unaotunza vitu vyote vya wachezaji, maana seva ya uhalifu ni inventori yake. Magari mazuri, majengo mapya na mavazi huwaleta watu siku ya kwanza. Kinachowafanya warudi ni kuamini kwamba bastola iliyo kwenye buti la gari la adui yao ilitengenezwa na mtu, ilisafirishwa na mtu, na ikikamatwa imekwenda. Imani hiyo ikivunjika, hata ukiongeza maabara kumi huirudishi.

Nayasema haya kwa sababu nimeyaona kwa karibu. Nilikabidhiwa kusimamia uchumi wa seva moja iliyokuwa tayari na kila kitu anachokitaka msomaji wangu. Walionitangulia walikuwa wamenunua mifumo ya uzalishaji kwa wauzaji mbalimbali, kila mmoja na namna yake ya kutoa na kupokea vitu. Wachezaji walikuwa wengi na makelele yalikuwepo, lakini bunduki ilikuwa rahisi kupata kuliko mkate. Mtu akiuawa hakuhuzunika, kwa sababu stoo ya genge lake ilijaa silaha. Utekaji ulipoteza maana, na mazungumzo ya magenge yalikufa. Nani atakaa chini kupatana bei wakati kila upande una kila kitu?

Nilichofanya kwanza hakikuwa cha kuvutia hata kidogo. Niliandika swali la hifadhidata linalojumlisha kila bidhaa iliyopo mjini: mifukoni mwa wachezaji, kwenye mabuti, kwenye dashibodi za magari, kwenye stoo za nyumba na za magenge. Nikaliweka lijiendeshe kila usiku. Kisha nikapiga hesabu ya upande wa pili: chuma kiasi gani kimechimbwa, karakana ingeweza kutoa bastola ngapi kwa chuma hicho. Namba zilikataa kukutana. Bastola zilizokuwepo zilizidi kwa mbali zile ambazo mji ungeweza kuzizalisha.

Hapo ndipo nambari za utambulisho za silaha ziliponisaidia. Ukitumia ox_inventory, mojawapo ya inventori za FiveM, kila silaha inayotolewa hupewa nambari yake, na nambari hiyo hukaa kwenye metadata (maelezo yanayoambatana na kitu) ya kitu chenyewe, ikisafiri nacho kutoka mkono hadi mkono. Nilitafuta nambari zinazojirudia, nikazikuta. Bastola moja, nambari moja, iko kwenye stoo mbili tofauti kwa wakati mmoja. Watu walikuwa wakidupu, yaani kutengeneza nakala za vitu kwa hila, tena si kwa programu za udanganyifu za kisasa. Stoo ilihifadhiwa papo hapo, lakini mfuko wa mchezaji ulihifadhiwa kila baada ya dakika kadhaa. Unaweka silaha stoo, unaiangusha seva kwa kosa ulilolijua, seva inarudi, na mfuko wako unarudi na picha ya zamani: silaha unayo, na stoo nayo inayo.

Tiba yake si ngumu kuielewa. Kitu kinapohama, pande zote mbili zihifadhiwe kwa pamoja, ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata: ama zote zimeandikwa au hakuna iliyoandikwa. Ngumu ilikuwa kazi ya baadaye. Nilifuta nakala zote. Kila nambari ikabaki na silaha moja.

Kelele zilizofuata sitazisahau. Viongozi wa magenge waliokuwa wakinisifu waligeuka. Mmoja, mtu niliyekuwa nikicheza naye usiku hadi usiku na kumwona kama ndugu, aliondoka na kundi lake lote na kuwaambia watu nimeiua seva kwa wivu. Sikumjibu hadharani. Bado linaniuma, kwa sababu alijua silaha zile zilitoka wapi. Lakini seva haikufa. Waliobaki walianza kuchunga mali zao, kisha wakaanza kupigania njia za kusafirishia, kisha wakaanza kuongea. Leo uchumi ule umesimama na naujivunia, na nitasema bila aibu kwamba ni miongoni mwa kazi bora nilizowahi kufanya.

Sasa nije kwenye uzalishaji, maana najua ndiko wengi mlikoharakia.

Usiamini kompyuta ya mchezaji kwa jambo lolote lenye thamani. Wengi husema wanalijua hili, kisha unafungua skripti yao unakuta iventi (ujumbe wa skripti) inayoiambia seva "nipe vifurushi hivi", na idadi imetumwa na mchezaji mwenyewe. Mchezaji atume nia tu: anataka kufungasha. Seva ndiyo iangalie yuko wapi kwa kutumia nafasi inayoiona yenyewe, iangalie ana malighafi, iangalie muda umetimia, na iamue idadi. Kama OneSync, mfumo wa FiveM wa kuoanisha wachezaji na seva, imewashwa, seva inaweza kujua mchezaji amesimama wapi bila kumuuliza. Basi imuulize ya nini?

La pili huwaponyoka hata waandishi wazuri. Skripti inauliza hifadhidata: huyu ana majani ya kutosha? Jibu linachukua milisekunde chache, na katika Lua, lugha ya kuandikia skripti za FiveM, skripti inaposubiri jibu hupisha kazi nyingine ziendelee. Mchezaji aliyetuma ombi lake mara mbili kwa haraka anaingiza la pili kabla la kwanza halijaondoa kitu. Maombi yote mawili yanaona majani yapo, na yote mawili yanatoa bidhaa. Dawa ni mpangilio: ondoa malighafi kwanza, hakikisha uondoaji umefaulu, ndipo utoe bidhaa. Katika ox_inventory, amri ya kuondoa hukurudishia jibu la kufaulu au kushindwa. Lisome jibu hilo. Nimeona skripti za kulipia zisizolisoma.

Kuhusu muda, usiweke kitanzi kinachozunguka kila sekunde kukagua kila mmea na kila mashine. Mashine ikiwashwa, andika saa ya seva iliyowashwa. Mtu akija kuifungua, toa saa hiyo kwenye saa ya sasa, utajua imezalisha kiasi gani. Seva ikizimwa na kuwashwa, hakuna kilichopotea, na mimea mia tano haili nguvu zaidi ya mmoja. Ila weka kikomo. Mimi huifunga mashine kwa mafuta na kwa nafasi ya kuwekea bidhaa: mafuta yakiisha au kreti zikijaa, inasimama. Bila hivyo utamzawadia mtu asiyekuwepo kuliko yule anayecheza.

Baada ya hapo ndipo unaingia kwenye utamu wenyewe, yaani uzito. Hapa ningeweza kuandika hadi kesho. ESX ya zamani, mfumo wa msingi wa seva nyingi za FiveM, ilihesabu kila bidhaa kwa ukomo wake: unaweza kubeba kiasi hiki cha hiki na kiasi kile cha kile, basi. Uzito ulipokuja, wabunifu wengi waliweka namba yoyote iliyowajia, na hapo walitupa chombo chao bora. Malighafi ifanye iwe nzito sana kiasi kwamba mtu mmoja kwa miguu hawezi. Inahitaji gari, gari linahitaji dereva, dereva anahitaji mlinzi, na sasa una watu watatu barabarani wakitoka Blaine County, eneo la mashambani la mchezo, kwenda mjini na kitu ambacho polisi wanaweza kukisimamisha. Bidhaa iliyokamilika iwe nyepesi, ili muuzaji wa kona aweze kuibeba na kuitupa akikimbizwa. Hujaandika hata mstari mmoja wa hadithi, lakini hadithi imeanza, kwa sababu ya gramu tu.

Kwa sababu hiyohiyo, usiweke hatua zote mahali pamoja. Kuvuna kuwe kwingine, kusindika kwingine, kufungasha kwingine. Na kama unaweza, gawa hatua kwa magenge tofauti. Genge lenye karakana lisiwe lenye chuma. Watalazimika kununua, kuibiana au kuoana, na yote matatu ni mchezo mzuri. Wabunifu wengi hunyima magenge vitu kwa kuweka bei kubwa dukani. Duka halina hasira wala deni, halikumbuki usaliti. Mchezaji mwenzako anavyo vyote hivyo.

Kila bidhaa iwe na mlango wa kutokea. Hili ndilo nililomkazia zaidi msomaji wangu. Silaha ichakae, chombo cha kufanyia kazi kivunjike, majani mabichi yaoze. Inventori nyingi za sasa zina nafasi ya uimara na ya kuharibika kwa muda, lakini wamiliki huiacha kwa kuogopa malalamiko. Malalamiko yatakuja. Yapokee. Vilevile, vitu vinavyokamatwa na polisi vipewe muda wa kukaa kama ushahidi, kisha vifutwe kabisa. Stoo ya ushahidi isiyofutwa hugeuka ghala kubwa kuliko yote mjini, na siku askari mmoja atakapoamua kucheza ufisadi, kazi yako ya miezi itarudi mtaani usiku mmoja.

Pesa nazo zina mlango wa kuingilia, na lazima uujue. Mchezaji anapomuuzia mchezaji mwenzake, pesa imehama tu. Anapomuuzia mhusika wa kompyuta, pesa mpya imezaliwa. Kwa hiyo mnunuzi wa kompyuta ndiye benki kuu yako, hata kama amesimama uchochoroni na kofia. Bei yake ishuke kadiri anavyouziwa bidhaa ileile, kisha ipande polepole akiachwa. Na alipe pesa chafu iliyo kitu cha kubebwa, si namba tu kwenye akaunti. Pesa inayobebwa inaweza kuibwa, kukamatwa au kufichwa, na mtu wa kuisafisha anapata kazi.

Andika logi (kumbukumbu) ya kila kitu: nani, kitu gani, kiasi, kutoka wapi kwenda wapi, saa ngapi, nambari ya silaha. Msimamizi asiye na logi hubaki kuhukumu kwa urafiki, na hapo ndipo seva nyingi huoza kuanzia juu. Nimeshaona mtu akifukuzwa kwa kosa lisilo lake kwa sababu tu aliyemshitaki alikuwa karibu na mwenye seva. Mambo haya huumiza watu wa kweli, waliotoa jioni zao kujenga wahusika wao. Tuwe waadilifu, jamani. Mtu akikukabidhi muda wake, umetunza amana.

Kuhusu kununua skripti kwa ujumla: nyingi zinazouzwa hufungwa kwa mfumo wa ulinzi wa FiveM, kwa hiyo huwezi kusoma kilichomo ndani. Kwa mapambo hakuna tatizo. Kwa inventori na uzalishaji mimi nakataa kabisa. Siwezi kusimamia mlango ambao siruhusiwi kuuona. Chukua inventori ya msimbo huria, isome, tumia ndoano zake (hooks, sehemu za kupachika msimbo wako) kuzuia unachotaka kuzuia, na uandike uzalishaji wako mwenyewe, hata kama ni wa bidhaa moja.

Kuna jambo wengi hawapendi kulisikia. Shida za seva zikianza, kishawishi cha kwanza ni kuuza silaha au pesa za mchezoni kwa pesa halisi. Usifanye. Novemba 2022 Rockstar, watengenezaji wa GTA, walitangaza msimamo wao kuhusu seva za uigizaji, na miongoni mwa waliyoyakataza ni kuuza sarafu za mchezoni, masanduku ya bahati kwa pesa halisi, udhamini wa makampuni ndani ya mchezo na mambo ya kripto. Agosti 2023 wakaichukua timu ya Cfx.re yenyewe, wanaotengeneza FiveM. Kwa hiyo mwenye sheria na mwenye jukwaa sasa ni mmoja. Hata kama isingekuwa marufuku, silaha uliyoiuza kwa kadi ya benki haina chuma nyuma yake wala dereva wala kesi. Ni nakala nyingine tu, safari hii umeidupu wewe mwenye seva.

Kabla ya kufungua bidhaa yako ya kwanza kwa umma, weka seva ya majaribio na uwaite wachezaji wawili wajanja unaowaamini. Wafungue buti moja kwa pamoja na kuvuta kitu kilekile. Mmoja akate intaneti katikati ya kuhamisha. Wajaze mfuko kisha wajaribu kupokea bidhaa, uone kama malighafi imeondolewa na bidhaa haikutoka. Zima seva ghafla wakati mashine inafanya kazi. Baada ya kila jaribio endesha lile swali la kujumlisha, ulinganishe na logi. Zikipishana hata kwa jani moja, usifungue.