Washington, 1930: wakulima walipoupigia kura umeme
Ndugu, umeuliza kama kuna jimbo la Marekani ambako wananchi wenyewe waliwahi kupiga kura kuhusu kampuni za umeme. Lipo. Soma habari za jimbo la Washington, Novemba 1930.

Mijini taa zilikuwa zinawaka, lakini shambani watu walikamua ng'ombe kwa mwanga wa taa ya mafuta na maji wakayavuta kwa mkono. Kampuni binafsi hazikuona faida ya kusimamisha nguzo maili kadhaa kwa ajili ya nyumba tatu. Chama cha wakulima, Washington State Grange, kikakusanya sahihi za wananchi kupeleka mswada wa kubadili hali hiyo. Bunge la jimbo halikuupitisha mswada, ukaenda kwa wapiga kura, nao wakaukubali kwa takriban asilimia 54.

Sheria ile iliwaruhusu wakazi wa kaunti kuunda shirika lao la umeme na maji, chini ya makamishna wanaowachagua wenyewe. Na hapa ndipo penye uzito: kamishna akipandisha bei ovyo, unamwondoa kwa kura. Mashirika hayo bado yapo, 28 hadi leo.