Kumaliza hija ya Santiago mkiwa wawili

Anayejiandaa kwenda kwa miguu Santiago de Compostela, mji wa Hispania lilipo kanisa lenye kaburi la Mtume Yakobo, huulizia viatu, uzito wa begi na mahali pa kuanzia. Avuke milima ya Pirenei akitokea Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, au aanzie mji wa Sarria, karibu zaidi, na kutembea siku chache tu? Majibu ya maswali hayo yamejaa tele. Ninaloulizwa mara chache ni namna ya kuimaliza hija yenyewe, hasa kama umetembea na rafiki. Mimi niliitembea njia ile na mwenzangu wa miaka mingi, na naamini kabisa kwamba siku za mwisho zinahitaji maandalizi kuliko zile za mwanzo.

Mkiwa njiani hamna la kubishania sana. Mshale wa njano unawaonyesha pa kupita, nguzo za mawe za Galicia, jimbo ulimo mji wa Santiago, zinahesabu kilomita zilizobaki, na jioni mnachotafuta ni kitanda, maji ya moto na chakula. Mkishafika Santiago, vyote hivyo vinakoma kwa mkupuo. Mmoja anataka kulala, mwingine anataka kwenda kanisani saa hiyo hiyo, mmoja anataka kuendelea hadi baharini. Wote wawili mmechoka, miguu ina malengelenge, na hakuna mshale wa kuwaamulia. Hapo ndipo neno dogo linapogeuka ugomvi.

Kwa hiyo zungumzeni mapema, mngali na siku moja au mbili za kutembea. Sisi tulikaa chini Arzúa, mji mdogo wa njiani, viatu tumevua, mkate na jibini la pale pale mezani, tukaulizana wazi: unataka kuingia mjini vipi? Mwenzangu akasema jambo ambalo nisingelikisia kamwe. Alitaka kilomita za mwisho atembee peke yake, kwa sababu hija yake alikuwa anaitembea kwa niaba ya marehemu mama yake, na alitaka kusali bila kuongeleshwa. Mimi nilikuwa nimejiwekea picha ya kuingia bega kwa bega. Tukakubaliana tutembee pamoja hadi Monte do Gozo, kile kilima ambapo mahujaji wa zamani waliiona minara ya kanisa kuu kwa mara ya kwanza, kisha yeye atangulie, mimi nipumzike kidogo ndipo nifuate. Tukutane katikati ya uwanja wa Obradoiro, mbele ya kanisa.

Uamuzi ule ulikuwa zawadi kwetu sote. Siku ya mwisho, kutoka kijiji cha O Pedrouzo, si nzuri kama mtu anavyodhani: unapita misitu ya mikalitusi, unazunguka pembeni mwa uwanja wa ndege, unavuka Lavacolla, ambako mahujaji wa kale walioga kijitoni kabla ya kuingia mjini, halafu ni lami na mataa ya barabarani. Lakini nilipofika kwenye tao lililo ubavuni mwa kanisa, ambapo mara nyingi hukaa mpiga zumari la Galicia, ngazi zikanishusha hadi uwanjani nikamkuta mwenzangu amekaa juu ya mawe, begi ameliegemea, macho mekundu. Hatukusemezana kwa muda mrefu. Kama tungeingia pamoja nikipiga picha na kuongea, angekosa alichokijia.

Mkifika, msikimbilie kila kitu siku hiyo hiyo. Ofisi ya Mahujaji, inayotoa cheti cha kumaliza hija kiitwacho Compostela, iko mtaa wa Rúa das Carretas, hatua chache kutoka uwanjani. Jiandikisheni mapema kwenye mtandao wao, kisha mkifika pale mnachukua namba na kusubiri kuitwa. Foleni si ya mchezo: mwaka 2024 ofisi ile ilitoa vyeti karibu 500,000. Cheti cha Compostela ni cha bure, kimeandikwa kwa Kilatini, na masharti yake ni kutembea walau kilomita 100 hadi Santiago, ukiwa na mihuri miwili kwa siku kwenye kijitabu chako cha hujaji, unachogongewa njiani. Wa baiskeli anatakiwa afikishe kilomita 200. Kama unahiji kwa niaba ya mtu aliyefariki au mgonjwa asiyeweza kutembea, mwambie anayekuhudumia kabla hajaanza kuandika, kwa sababu wanaweza kuongeza jina la mtu huyo kwenye cheti. Mwenzangu alilitamka jina la mama yake herufi kwa herufi, kalamu ikilifuata. Laiti kila anayetembea na huzuni ya namna hiyo angelijua hili kabla ya kufika dirishani.

Kanisani, mabegi makubwa hayaruhusiwi, kwa hiyo yaacheni kwanza mnapolala au sehemu ya kuhifadhi mizigo. Misa ya saa sita mchana hujaa, wahini. Na nawasihi msiiwekee furaha yenu yote kwenye Botafumeiro, kile chetezo kikubwa kinachobembea juu ya vichwa vya watu kikivutwa kwa kamba na wanaume wanane. Hakirushwi kila misa. Huwa ni kwa sikukuu maalumu, au pale kundi fulani linapokiomba. Tuliwaona watu wakitoka misani wamenuna kwa sababu tu hakikurushwa, ilhali walikuwa wamesali mita chache kutoka kaburi la Mtume Yakobo. Shukeni kaburini. Pandeni nyuma ya altare mkaikumbatie sanamu ya mtume kama walivyofanya waliotangulia. Hayo hayahitaji bahati.

Tiketi ya kurudi nyumbani isiwe ya kesho yake. Acheni angalau siku mbili tupu, nne zikiwezekana. Sababu ya kwanza ni mwili: ukisimama ghafla miguu hukaza, ni vizuri kuendelea kutembea kidogo kila siku mitaani bila begi. Sababu ya pili ni moyo. Asubuhi ya kwanza utaamka saa kumi na moja alfajiri kama ulivyozoea, utafunga kamba za viatu, halafu utagundua huna pa kwenda. Unyonge huo huwapata wengi sana, hata wenye imani kubwa, na mtu mnyonge hukwaruzana na aliye karibu naye. Tulipeana ruhusa ya kutengana kila siku hadi mchana, bila kuulizana ulikuwa wapi, kisha tunakula pamoja jioni. Kumbukeni pia kwamba hosteli nyingi za mahujaji zilizo za umma hukupokea usiku mmoja tu, kwa hiyo kwa siku hizo tafuteni chumba cha kawaida mapema.

Kisha kuna suala la Finisterre, rasi iliyo pwani ambako wengine huendelea baada ya Santiago. Ni kama kilomita 90 kuelekea magharibi hadi kwenye mnara wa taa na ile nguzo ya kilomita sifuri, bahari ya Atlantiki ikiwa mbele yako. Kwa miguu ni siku tatu hadi nne, kwa basi ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Hapa msilazimishane. Mwenzangu aliendelea kwa miguu, mimi goti lilikuwa limeshagoma, nikabaki mjini na baadaye nikamfuata kwa basi. Waliotembea pamoja safari nzima wanaweza kuachana siku tatu na urafiki usipungue hata chembe. Mkifika huko, msichome nguo wala viatu kama hadithi za zamani zinavyosema. Imekatazwa, na moto kwenye miamba ile yenye upepo ni hatari ya kweli.

Kabla ya kuongeza siku za Finisterre, wenye viza ya Schengen, ile ya kuingilia Hispania na nchi nyingine nyingi za Ulaya, wahesabu siku zao. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa, na idadi iliyoandikwa kwenye viza ndiyo ya kufuata, hata kama umesikia kwamba ukomo ni siku 90 ndani ya siku 180. Bima ya safari nayo ifike hadi siku ya kuondoka. Kuzidisha siku moja kunaweza kukuharibia maombi ya viza yajayo, na hakuna machweo yenye thamani hiyo.

Fedha malizaneni mkiwa bado Santiago. Tulikuwa na daftari dogo la matumizi ya pamoja, na usiku wa kabla ya mwisho tulijumlisha, anayedaiwa akalipa kwa euro pale pale. Deni la euro 20 likivuka mpaka huwa gumu kulitaja, na aliyelitaja huonekana mchoyo.

Mizigo: fimbo za kutembelea kwa kawaida haziruhusiwi kuingia nazo ndani ya ndege, ziwekeni kwenye begi la chini au mwachieni hujaji mwingine. Nguo zote zifueni kwa maji ya moto na zikaushwe kwa mashine, kwa sababu hosteli za njiani zina kunguni mara kwa mara na hamtaki kuwafikisha nyumbani.

La mwisho ni la mkisharudi. Pangeni mapema siku ya kupigiana simu, kama wiki moja baada ya kufika, na mwiandike kwenye kalenda. Watu wa nyumbani watawauliza maswali ya dakika tano, na wana haki, wao hawakuwapo. Mwenzako ndiye pekee anayeikumbuka ile mvua ya kuingia Palas de Rei na yule bibi aliyetupatia matunda bila kutaka hela. Sisi tulipopigiana, saa nzima ilipita tukitajiana tu vijiji kwa mpangilio, na ndipo mwenzangu aliponieleza alichomwombea mama yake zile kilomita za mwisho.